Mpima ardhi nihamie Linux au nibaki na Windows?

mpima_pwani:
Habarini wakuu. Kompyuta yangu ni i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, ina Windows 10 ambayo tangu Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuihudumia, na Windows 11 inaikataa kwa sababu prosesa ni ya zamani. Kununua nyingine saivi siwezi, ada za watoto zimenibana. Kila siku natumia QGIS kwa ramani, AutoCAD kwa michoro ya viwanja, na programu ya kushusha data za RTK (vipimo vya GPS vya papo kwa papo). Nikihamia Linux kazi zitaenda au nitakwama katikati na mteja ananisubiri?

mti_mkavu:
Karibu mkuu. Kwa QGIS ondoa wasiwasi, mi niko Ubuntu (aina ya Linux) mwaka wa tatu sasa na faili zangu zote za ramani (shp) zinafunguka vilevile, we chukua lile toleo la LTR, linalohudumiwa muda mrefu, tu usikimbilie jipya kila likitoka. Ila kuwa makini na Arc 1960, ule mfumo wa zamani wa kuratibu ramani zetu. Ukileta pointi za WGS 84 (mfumo wa GPS) kwenye ramani ya EPSG 21037 (namba ya Arc 1960 kwenye QGIS, UTM kanda 37 kusini) itakuuliza utumie badiliko lipi la kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, chagua lilelile ulilokuwa unatumia kule Windows, maana ukikosea hapo pointi zinahama mita kadhaa na kiwanja cha mtu kinaingia kwa jirani.

kalamu_na_rula:
QGIS sawa, ila AutoCAD haina toleo la Linux jamani tusimdanganye mwenzetu. Nilijaribu kuipitisha kwa Wine (inayofungua programu za Windows ndani ya Linux) wiki nzima, inafunguka halafu inagoma kwenye leseni. VirtualBox, ya kuwasha Windows nzima ndani ya Linux, nayo kwa RAM GB 8 utateseka. Ushauri wangu, hamisha kwanza kazi zako zote kwenye diski ya nje, halafu weka mifumo yote miwili, Windows ibaki ya AutoCAD tu na usiingie nayo mtandaoni isipokuwa AutoCAD ikihitaji kuhakiki leseni. Hiyo RTK, kontrola yako (kile kifaa cha mkononi) inatoa CSV, yaani faili la jedwali? Kama inatoa programu ya kushushia huihitaji, labda uwe unachakata data za static (zile za kuacha kifaa muda mrefu kwenye nukta moja).

mpima_pwani:
Asanteni sana. Nimeangalia, CSV inatoa, na static sifanyi. Vipi mchoro nikiutoa QGIS kwenda AutoCAD?

kalamu_na_rula:
Toa DXF, faili la michoro ambalo AutoCAD inalifungua. Mistari inafika salama, maandishi ya namba za viwanja yakague moja moja kabla hujampa mteja.

mti_mkavu:
Na kabla hujagusa diski, washa Ubuntu kwa flashi kwanza uone kama waifai na skrini vinakubali.