MGB ya 1972 imepasuka bloku: nirudishe ileile, V8 au 3S?

Mrithi_Bombo
Salaam wakuu. Marehemu baba ameniachia MGB GT ya 1972, gari ndogo ya michezo ya Kiingereza. Maji yalikuwa yanapungua kila safari, nikadhani ni gasketi, kumbe bloku ina ufa. Fundi ananipa njia tatu: niagize bloku ileile ya cc 1798 Uingereza, nitoe V8, injini ya silinda nane, kwenye Range Rover kuukuu iliyolala Jinja, au nichukue 3S, injini ya Toyota Altezza, hapo Kisekka kwa wauza vipuri. Gari yenyewe ni ya Jumapili tu, Bombo kwenda Kampala na kurudi.

Klachi_Ndeeba
V8, unauliza nini? Kiwanda chenyewe kiliuza MGB GT V8 kuanzia 1973 hadi 1976, cc 3528. Bloku ni ya alumini, kwa hiyo haiielemei pua kama watu wanavyodhani. Ukipita Matugga watoto watatoka nje.

Mzee_SU
Mwanangu, mlio haujazi tangi. MGB za kawaida zilizotengewa nafasi ya V8 ni zile za bampa za mpira, za mwisho wa 1974 kuendelea. Hii ya 1972 utaipiga nyundo kuta za ndani, rejeta uisogeze mbele, na ekzosi itagombana na shafti ya usukani. Ukimaliza, difu yake, gia za ekseli ya nyuma, ya 3.9 ni fupi mno kwa V8, injini itazunguka haraka bure. Kiwanda kiliweka 3.07. Mimi ningerudisha ileile. Ila bloku isiwe ya kabla ya Oktoba 1964, hizo kranki yake ina beringi tatu, zilizofuata zina tano. Na hedi iwekwe siti ngumu za vali, petroli ya siku hizi haina madini ya risasi yaliyokuwa yakizilinda.

Pwani254
Wekeni 1G ya Toyota Mark II, silinda sita, muishi.

Mzee_SU
Silinda sita MG walishajaribu wenyewe. MGC, 1967 hadi 1969, cc 2912. Pua ikawa nzito, sifa ikaharibika.

Dada_Spana
Jamani, kabla ya injini ulizeni giaboksi. Mimi niliuziwa 3S, muuzaji akaapa inaingia gari yoyote ile. Kuifikisha gereji, kumbe imetoka kwenye Toyota Ipsum: ya kulala kwa upana wa gari, inavuta magurudumu ya mbele, maunti zote ziko mahali pasipo pangu. Sasa iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Ya Altezza inaendesha magurudumu ya nyuma, na za manyuo zina gia 6. Lakini ichukue na giaboksi yake, kompyuta na nyaya zote hadi pedali ya mafuta. Wakishakata nyaya kwa mkasi, umenunua chuma chakavu.

Klachi_Ndeeba
Kompyuta kwenye gari ya Mwingereza wa zamani? Si betri imeunganishwa kinyume?

Mzee_SU
Hizo ni za hadi 1967, ncha chanya ya betri ilikuwa kwenye bodi. Ya huyu iko kama gari nyingine. Na usisahau, namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye logbook, la sivyo siku ya kuuza utahangaika.

Mrithi_Bombo
Nimepima. V8 nimeiacha, sina moyo wa kupiga nyundo gari ya mzee. Dada_Spana, ile 3S ya kuku bado ipo? Siinunui, nataka tu nione kama bloku inaenea kabla sijatoa pesa Kisekka.

Dada_Spana
Ipo. Njoo na pikapu, lakini baada ya wiki mbili. Kuna mmoja amelalia.