Handibreki ya Probox Imeshika

Kikundi: Ukoo wa Raskazone, Tanga

Shangazi Rehema, saa 1:12 asubuhi
Assalaam alaikum wanangu. Nimerudi jana jioni kutoka Lushoto, na asubuhi hii nimewasha Probox ili niende sokoni, lakini kila nikikanyaga mafuta gari linadidimia nyuma bila kusogea. Niliivuta handibreki kabla ya kusafiri, na mvua za masika zimelinyeshea gari muda wote huo. Sasa nimeushusha mkono wake mpaka chini na taa nyekundu kwenye dashibodi imezimika, kwa hiyo sielewi ni nini kinachozuia.

Zuhura, saa 1:20
Waalaikum salaam Shangazi, shikamoo. Jirani yetu gari lake lilishika namna hiyo, akalikanyagia mafuta kwa nguvu mpaka likaachia kwa mlio mkubwa. Huenda na lako likakubali.

Baba Mdogo Salim, saa 1:26
Zuhura mwanangu, ushauri huo naomba tuuache. Breki iliyoshika kwa kutu, ukiilazimisha kwa injini, inaweza kubandua bitana, ile tabaka ya kusugulia, kwenye kiatu cha breki, na kipande kilichobanduka kikajikita ndani ya ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu na kubanwa na viatu. Hata likiachia nusu, utatembea na gurudumu linalojisugua, joto litapanda mpaka mafuta ya breki yachemke, na hapo pedali ya mguu itazama mpaka chini wakati unapoihitaji. Kulisogeza taratibu mbele na nyuma mara chache si vibaya. Likikataa, zima injini.

Dada Rehema, taa isikupe matumaini. Swichi yake imekaa kwenye mkono wa handibreki, si kwenye gurudumu, kwa hiyo inachotuambia ni kwamba mkono umeshuka, basi. Niambie jambo moja: ukiuvuta tena huo mkono, unauona mzito kama siku zote, au umelegea?

Shangazi Rehema, saa 1:31
Umelegea, kaka. Unapanda wenyewe bila uzito mpaka karibu na mwisho, ndipo unapokaza kidogo.

Baba Mdogo Salim, saa 1:38
Basi mkono wenyewe ni mzima. Mkono ukigoma kushuka, kwa kawaida ni jino lililonasa, na dawa yake ni kuuvuta juu kidogo huku umebonyeza kitufe. Huo wako kulegea kunanielekeza kwenye kebo inayotoka kwenye mkono hadi gurudumuni: waya wake umevutwa ukabaki huko ulikovutwa, haurudi ndani ya ganda lake. Huo bado si ushahidi kamili, kwa sababu viatu vilivyogandana na ngoma navyo huzuia gurudumu vilevile. Hamisi upo karibu?

Hamisi, saa 1:40
Nipo hapa kwa Shangazi, Baba Mdogo. Shikamoo. Nimekuja na jeki na spana.

Baba Mdogo Salim, saa 1:47
Marahaba. Weka gia kwenye P, ile ya kuegeshea, kisha ziba magurudumu ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma ya kila moja, maana leo huna handibreki ya kukushikia gari. Inua gurudumu moja la nyuma, ulizungushe kwa mkono, ulishushe, kisha ufanye hivyo kwa la pili. Kila upande una kebo yake, na ni nadra zote mbili kushika kwa pamoja. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hamisi, saa 2:15
La kulia linazunguka vizuri. La kushoto limekaza kabisa, halitikisiki hata kwa mikono miwili. Nimeifungua plastiki inayozunguka mkono wa handibreki na kulegeza nati ya kurekebishia: waya wa kulia umejirudia wenyewe kuelekea nyuma, lakini wa kushoto umejikunja palepale, na nikiusukuma hauingii.

Baba Mdogo Salim, saa 2:21
Umefanya uchunguzi mzuri. Waya unaojikunja mbele namna hiyo ni waya ulioshikwa na kutu ndani ya ganda. Hata hivyo nataka tuone na ndani ya ngoma. Lipumzishe gari juu ya stendi, vua tairi, ugongegonge ngoma kwa nyundo kwenye ukingo, usipige pale boliti zinapotokea. Ikikataa kutoka, tazama uso wake: kuna matundu mawili yenye uzi. Ingiza boliti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, mpaka ngoma ijisukume nje. Vumbi utakalolikuta usilipulize, kwa kuwa baadhi ya bitana za zamani zilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Hamisi, saa 3:34
Ngoma imetoka. Ndani kuna kutu nyembamba ya rangi ya machungwa, na bitana zina kama milimita 3. Nimeichomoa kebo kwenye kiatu, na kile kiwiko kidogo kinachovutwa na kebo sasa kinakwenda na kurudi kwa kidole bila shida. Kebo yenyewe ganda lake limepasuka karibu na mwisho, na nilipolipinda yametoka maji yenye rangi ya chai. Fundi wa gereji ya jirani amepita akasema tubadilishe ngoma, viatu na kebo zote.

Shangazi Rehema, saa 3:37
Yote hayo? Mimi nilidhani ni kitu kidogo.

Baba Mdogo Salim, saa 3:45
Dada, hakuna haja. Kiwiko kinachorudi baada ya kebo kuchomolewa kinathibitisha kwamba viatu na springi ni vizima, na bitana hubadilishwa zikikaribia milimita 1. Gurudumu lingebaki limekaza hata bila kebo, ningehamia kwenye silinda ya gurudumu na mpira wa mafuta ya breki. Kinachohitajika ni kebo ya kushoto peke yake. Kuipaka grisi kebo ya zamani hakutasaidia, kwani ganda limeshapasuka na chumvi ya bahari ya hapo Raskazone itaingia tena. Hamisi, isugue kutu ya ngoma kwa msasa, na grisi au mafuta yasiguse bitana hata tone.

Ukifunga kebo mpya, rekebisha viatu kwanza, kebo iwe ya mwisho. Wengi huanza na nati ya ndani, na gurudumu likabaki likijisugua. Mkono ukiuvuta uhesabu milio ya meno na ulinganishe na kitabu cha gari. Toyota nyingi ndogo hukaza kati ya 6 na 9.

Shangazi Rehema, saa 3:52
Ahsante sana kaka. Na nikisafiri tena, niliache vipi?

Baba Mdogo Salim, saa 3:56
Hapo nyumbani ni tambarare, kwa hiyo liache kwenye P na mawe magurudumuni, handibreki ikiwa chini. Ukiwa umeliosha, lizungushe mtaani kwanza ngoma zikauke.

Hamisi, saa 4:01
Naelekea dukani sasa.

Baba Mdogo Salim, saa 4:02
Nenda na kebo ya zamani mkononi. Ya kushoto na ya kulia si lazima zilingane urefu, kwa hiyo zipime ncha kwa ncha juu ya meza kabla hujalipa.