Draya inachana na kuunguza nguo: tupeane uzoefu, wadau wa Tanga

Chumbageni
Wadau, masika yakishika, nguo za kwenye kamba hazikauki na draya ndiyo inabeba nyumba. Malalamiko ni yale yale: shuka limetoka na mistari ya kahawia, kanzu imechanika pindo, kanga ina madoa ya kutu. Wengi wanakimbilia bisibisi kabla ya kuitazama nguo yenyewe, na hapo ndipo pesa inapotea, maana alama iliyo kwenye nguo inakwambia kifaa gani kimekufa. Tuanzie huko. Anayejua atupe alama, sababu, na namna ya kutengeneza.

Fundi friji, Ngamiani
Nianze na ugonjwa mkubwa: mistari ya kahawia au nyeusi, au pindo lililotafunwa. Hapo nguo imebanwa kati ya mdomo wa ngoma, lile pipa linalozungusha nguo, na ukuta wa mbele. Ngoma kwa mbele hubebwa na magurudumu madogo mawili, au vipande vya plastiki vya kuteleza, na pembeni kuna felti, kitambaa kinene cha kuziba nafasi. Vikilika, ngoma inashuka, pengo linafunguka, nguo inaingia na kusuguliwa mpaka inaungua. Joto la hita halihusiki hapo, ni msuguano. Ndiyo maana kubadilisha thermostati, swichi inayodhibiti joto, kwa tatizo hili ni kutupa hela.

Kupima ni rahisi. Fungua mlango, shika mdomo wa ngoma kwa juu, uinue. Ikipanda kama sentimita nzima, vibebeo vimekwisha. Halafu pitisha kadi ya vocha kuzunguka ukingo wote. Inapozama bila kukwama, ndipo nguo zinapoingilia.

Kazi yenyewe: chomoa plagi, vaa glovu kwa sababu kingo za mabati zinakata. Mota ikiwa na kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme, usiguse ncha zake kabla ya kuimaliza chaji kwa balbu ya zamani ya 230V. Toa bamba la juu, kisha la mbele, na piga picha waya za swichi ya mlango kabla ya kuzichomoa. Magurudumu badilisha yote mawili hata kama moja linaonekana zima, la sivyo ngoma itakaa upande. Felti kuukuu ing'oe, kwangua gundi yote, futa kwa spiriti, bandika mpya kwa gundi inayostahimili joto, uibane kwa vibanio na kuiacha usiku kucha. Gundi ya viatu hapana. Ikipata joto inalainika, felti inahama na kujikunja, na pengo linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Ekseli ya gurudumu inatosha tone moja la mafuta. Felti haipakwi grisi kamwe, hiyo itaishia kwenye mashuka.

Wakati wa kurudisha mkanda unaozungusha ngoma, upande wenye mifereji ugusane na ngoma, ukae juu ya alama ya mkanda wa zamani. Zungusha ngoma kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kufunga bamba.

Raskazone
Sisi wa ufukweni tuna la ziada: kutu. Hewa ya chumvi ikikuta mkwaruzo kwenye ngoma ya bati lililopakwa rangi, madoa ya rangi ya chungwa yanafuata. Sugua kwa msasa namba 220 mpaka bati safi lionekane, malizia na 400, futa vumbi, paka rangi ya epoksi ya kuhimili joto, tabaka mbili nyembamba. Iache ikauke kabisa kama kopo linavyosema, kisha ukaushe matambara mabovu kwanza. Ngoma ya stenlesi haina shida hii mara nyingi. Ukiona kutu humo, tafuta sarafu, pini au waya uliokwama kwenye matundu.

Makorora
Nyuzi zilizovutwa na vitobo vidogo vidogo, tafuteni waya wa sidiria. Unapenya tundu la ukuta wa nyuma, unachungulia kidogo, unachana kila kinachopita. Jicho halitauona. Vaa soksi ndefu ya nailoni mkononi na pitisha taratibu ndani ya ngoma yote, pamoja na zile mbavu tatu za kugeuza nguo. Itanasa penye ncha. Ubavu uliopasuka badilisha, usiubandike.

Na kwa doa la kutu lililokwisha kuingia: limau na chumvi, anika juani, suuza sana. Kwenye kanga jaribu pembeni kwanza. Jik isiguse doa la kutu, inalizidisha, na ikikutana na limau inatoa hewa ya sumu.

Pongwe
Naongeza la joto, maana lipo pia. Nguo nzima imekakamaa, imesinyaa, au abaya ya poliesta imeng'aa na kuyeyuka: hapo ni joto kweli. Weka kipimajoto kwenye tundu la kutolea hewa. Kawaida ni nyuzi 50 mpaka 70, ikipanda na kushuka. Vua bomba la nyuma ujaribu tena. Mtiririko ukirudi na joto likitulia, ugonjwa uko kwenye bomba: limejikunja au limejaa mavumbi ya nguo. Mavumbi hayo ndiyo yanayowasha moto, hivyo safisha chujio kila mzigo, na bomba lote kabla ya masika.

Bomba likiwa safi, pima elementi, yaani waya wa hita unaotoa joto, kwa testa. Ya wati 2000 kwenye 230V inasoma karibu omu 26, ya 2500 karibu 21. Kutoka ncha yoyote kwenda kwenye boksi lake isisome kitu. Ikisoma, waya umelegea na unagusa bati. Thermostati ya mzunguko ikiwa baridi inasoma karibu sifuri, ipulizie joto iachie, yaani ikate umeme. Isipoachia, imekufa. Fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, ikikatika isiungwe kwa waya, hata kwa siku moja.

Mikanjuni
Na doa la kuungua mahali pamoja tu, umbo la kiraka?

Fundi friji, Ngamiani
Mkuu, hapo ngoma imesimama huku hita inawaka. Mkanda umekatika au unateleza, na mota inaendelea kuzunguka, kwa hiyo mashine isiyo na swichi ya mkanda haijui. Angalia pia puli ya kukaza. Ukienda dukani beba kifaa cha zamani na namba ya modeli, ipo kwenye kibandiko karibu na mlango. Mikanda inafanana kwa macho, ila urefu na idadi ya mifereji vinatofautiana.

Ukishafunga, usianze na kanzu. Weka mashuka meupe mabovu mawili, yenye unyevu, dakika 20, kisha kagua kingo zote. Yakitoka na mstari hata mmoja, rudi kwenye felti.