Naomba ushauri: alama mbili za kauli taarifa ya Kiingereza

Chaki Nyeupe: Habari zenu, wanajukwaa. Katika jaribio la kidato cha pili, wanafunzi walitakiwa kugeuza sentensi hii iwe kauli taarifa: "Water boils at 100°C," the teacher said. Mmoja ameandika: The teacher said that water boils at 100°C. Mwongozo wa usahihishaji unataka "boiled". Je, akoseshwe? Sijalala vizuri kwa siku mbili.

Karani Mstaafu: Ndugu mwalimu, kanuni ya kurudisha wakati nyuma, ile inayogeuza "will" kuwa "would" na "can" kuwa "could", hailazimishi pale ambapo jambo lililosemwa lingali kweli hadi leo, kwa hiyo "boils" na "boiled" zote ni sahihi. Hata sisi husema "mwalimu alisema kwamba maji huchemka". Nilipokuwa nikiandika kumbukumbu za vikao kwa Kiingereza, kilichonitesa zaidi ni viwakilishi: mjumbe alisema "I will pay him tomorrow", nami nikaandika "he said he would pay him tomorrow", na wiki mbili baadaye watu wakabishana ni nani alipaswa kulipa, na kesho ipi. Tangu hapo niliandika majina, na "tomorrow" nikaifanya "the next day".

Mama Wawili: Mwongozo huo aliutunga nani?

Chaki Nyeupe: Niliutunga mimi. Mwanafunzi aliponiuliza mbele ya darasa, nilimwambia akae chini, na alama zimeshafika kwa mwalimu wa taaluma. Nimefikiria kumwongezea mbili katika jaribio lijalo bila kulitangaza, kwa sababu naamini mtoto wa kidato cha pili anapaswa kuishika kanuni kwanza, kisha ndipo afundishwe pale isipolazimu.

Mama Wawili: Mwalimu, alama ya kificho haimrudishii mtoto heshima aliyovuliwa mbele ya wenzake. Binti yangu aliacha kunyoosha mkono darasani kwa jambo kama hilo.

Msomaji wa Usiku: Nina shaka na kisa hiki. Nadhani wewe ndiye mwanafunzi, na unatafuta hoja za kumpelekea mwalimu wako. Kama kweli unafundisha, geuza hii: "Where do you live?" she asked me.

Chaki Nyeupe: She asked me where I lived. "Do" inaondoka pamoja na alama ya kuuliza, na mtenda anatangulia kitenzi. Kama bado ninaishi hapo, "where I live" inakubalika pia.

Karani Mstaafu: Umeikubali "live" kwa sababu ile ile iliyomfanya mwanafunzi wako aandike "boils".

Chaki Nyeupe: Ni kweli. Nimezifungua tena karatasi usiku huu, na nyingine tatu zina "boils", zote nilizikosesha. Je, nianze kwa mwalimu wa taaluma, au nizungumze na darasa kwanza?

Mama Wawili: Anza na yule uliyemwambia akae chini.