Cowboys, mlituambia hamkuweza kumlipa Derrick Henry. Acheni kutufanya watoto

Wakuu, habari za muda huu. Leo nimekuja na hasira na sitaki kuzificha.

Kila Machi dirisha la usajili wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, likikaribia kufunguliwa, kauli huwa ileile: mkimbiaji akishavuka miaka 27 usimguse, hela peleka kwingine. Wachambuzi wanaisema, mashabiki wanaikariri, na wenye timu wanajificha humohumo. Mimi ni shabiki wa Dallas Cowboys, naishi hukuhuku Texas, na nasema kauli hiyo ilituharibia msimu mzima wa 2024. Mbaya zaidi, hawakusema hata kwamba hawamtaki mkimbiaji mkongwe, Derrick Henry. Walisema hela hakuna. Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Kwa mwenzangu asiyefuatilia mchezo huu: mkimbiaji ni yule anayesimama nyuma ya kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi), anakabidhiwa mpira mkononi, halafu anatafuta upenyo katikati ya majitu ya kilo 130 na kuendelea. Mbele yake kuna wazibaji watano wanaomfungulia njia. Kazi hiyo inakula mwili. Sasa angalia wanavyolipwa. Akitoka kwenye drafti, yaani timu zinapogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, anafungwa mkataba wa miaka minne ambao bei yake hapangi yeye, na kama alichaguliwa raundi ya kwanza timu inaweza kumwongezea mwaka wa tano. Akiumaliza, bado timu ina haki ya kumzuia mwaka mwingine kwa kile kinachoitwa tegi. Mwaka 2023 tegi ya mkimbiaji ilikuwa dola milioni 10.1, ya kwotabeki milioni 32.4. Wakimbiaji Saquon Barkley na Josh Jacobs walizuiwa hivyo, na tarehe 17 Julai, siku ya mwisho ya kufunga mikataba mirefu, ikapita bila kusaini chochote. Mtu anatumika miaka yake mizuri kwa bei ya chini, siku anapata uhuru wake anaambiwa ameshachoka. Huo ni unyonyaji, na sisi mashabiki tunaushangilia tukiuita akili ya biashara.

Turudi Dallas.

Tarehe 14 Januari 2024 Packers walikuja Arlington kwenye mtoano wakatupiga 48–32. Aliyetumaliza ni Aaron Jones, mkimbiaji wa miaka 29. Yadi 118 za kukimbia na mpira, tachidauni tatu (mara tatu kaufikisha mpira mwisho wa uwanja wetu), nyumbani kwetu. Mwezi haujaisha, mmiliki wetu Jerry Jones akasimama mbele ya waandishi akatangaza kwamba msimu unaofuata timu itaweka kila kitu mezani. Tukamwamini. Machi ikafika, Packers wakamwachia Aaron Jones yuleyule, akawa mchezaji huru. Vikings wakamchukua kwa mwaka mmoja, dola milioni 7, akawakimbilia yadi 1,138. Sisi kimya.

Derrick Henry naye alikuwa huru, ametimiza miaka 30. Huyu mtu ni mkazi wa Dallas wakati ligi ikiwa imesimama, mazoezi yake anafanyia hapahapa, na alisema waziwazi kwamba angependa kuichezea Cowboys ila hakuna aliyempigia simu. Ravens wakampigia. Miaka miwili, jumla dola milioni 16. Matokeo yake mnayajua: yadi 1,921 na tachidauni 16 za kukimbia katika msimu mmoja.

Baadaye alipoulizwa, Jerry akasema hatukumudu.

Jamani, tufanye hesabu. Kikomo cha mishahara cha 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Milioni 8 kwa mwaka ni kama dola 3 katika kila 100. Agosti mwaka huohuo mpokeaji pasi wetu CeeDee Lamb akapewa milioni 136 kwa miaka minne. Septemba 8, siku ya mechi ya kwanza, kwotabeki wetu Dak Prescott akapewa milioni 240 kwa miaka minne, mkataba wa mshahara wa mwaka mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote katika historia ya ligi hiyo kufikia siku ile. Sina ugomvi na CeeDee, na Dak simchukii. Ninachouliza ni hiki: timu inayoweza kupata milioni 60 kwa mwaka kwa mtu mmoja inakosaje 8 kwa mwingine? Wangekaa na hao wawili Machi badala ya kuwazungusha mpaka mwisho wa kiangazi, hesabu zote zingejulikana mapema na nafasi ya Henry ingepatikana. Uzembe wa kupanga wakauita umaskini.

Na badala yake tulifanya nini? Mkimbiaji wetu Tony Pollard akaachwa aende Titans, ambako alipita yadi 1,000. Drafti ikaja, hatukuchagua mkimbiaji hata mmoja. Baada ya hapo wakamrudisha mkimbiaji wetu wa zamani Ezekiel Elliott, yaani Zeke.

Naomba hapa nikae kidogo, maana ndipo kwenye kiini cha hasira yangu.

Zeke nilimpenda. Mwaka wake wa kwanza, 2016, aliongoza ligi kwa yadi 1,631, na 2018 akaongoza tena. Mwaka 2019 akagoma kambini, akakaa Mexico, na timu ikasalimu amri: mkataba wa miaka sita, dola milioni 90, milioni 50 zikiwa za uhakika. Wakati huo alikuwa bado ana miaka miwili kwenye mkataba wake wa awali! Walimlipa kwa yadi alizokwisha kukimbia. Kufikia 2022 alikuwa anapata wastani wa yadi 3.8 kila anapopewa mpira, na Machi 2023 wakamwacha. Sawa, mmeungua. Lakini funzo mlilolichukua ni kwamba wakimbiaji wote wenye umri ni hasara, kisha mkazunguka mkamrudisha mkimbiaji mmoja tu mwenye umri ambaye mlikuwa na ushahidi wa miaka mitatu kwamba miguu imekwisha. Mwaka 2024 alitupa yadi 226, na kabla ya mechi ya mwisho wakamwachia aondoke. Henry wa miaka 30 mnamwogopa, Zeke anayekaribia miaka 29 mnampokea kwa sababu picha zake ziko ukutani. Hiyo si tahadhari. Ni kuendesha timu kwa kumbukumbu.

Septemba ile nilikuwa naangalia mechi na jamaa zangu, Wakongo wawili na Mkenya mmoja, sote wagonjwa wa timu hii. Tarehe 15 wakaja Saints. Mkimbiaji wao Alvin Kamara, miaka 29, tachidauni nne peke yake, tukafa 44–19. Wiki iliyofuata, tarehe 22, wakaja Ravens na Henry wao. Tuliona jambo moja lililojirudia mchana kutwa: wazibaji wa Ravens wanatusogeza nyuma yadi mbili tatu, Henry anachelewesha hatua ya kwanza kana kwamba anahesabu, halafu anaingia kwenye upenyo akiwa kasi kamili, na beki wa nyuma anayepaswa kumzuia anageuza bega pembeni badala ya kumkabili kifua kwa kifua. Mara ya kwanza unasema ni bahati. Mara ya tano unaelewa kwamba mabeki wetu walikuwa hawataki tena kumgusa. Robo ya nne inaanza ni 28–6. Mwishowe ubao ulisoma 28–25, lakini Ravens walikimbia yadi 274 siku hiyo, Henry peke yake 151 na tachidauni mbili. Kwotabeki wao Lamar Jackson hakuwa na haja ya kurusha zaidi ya mara 15. Hiyo ndiyo kazi ya mkimbiaji mzuri ambayo haionekani kwenye takwimu zake: anampumzisha kwotabeki, anakula saa, na mabeki wake mwenyewe wanakaa benchi wanakunywa maji.

Najua mtaniuliza kuhusu ukuta wetu wa mbele. Wengi hudai Henry asingefanya hayo nyuma ya wazibaji wa Dallas wa 2024. Yadi 1,921 huenda kweli asingefika. Lakini mkimbiaji wetu Rico Dowdle, ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti kabisa na ambaye msimu ulianza akigawana mipira na Zeke, alikimbia yadi 1,079 nyuma ya ukuta huohuo, na sehemu kubwa ya msimu Dak alikuwa nje kwa jeraha la paja. Kama Dowdle aliweza, Henry angeshindwa? Na Dowdle mwenyewe baada ya kazi ile wakamwachia aende Panthers kwa mkataba wa mwaka mmoja wa bei nafuu. Oktoba 12, 2025 tulikutana naye Charlotte. Alitukimbilia yadi 183, Panthers wakashinda 30–27. Inauma, wakuu.

NYONGEZA: Naona mdau mmoja hapo chini ananitajia Le'Veon Bell na DeMarco Murray, na mwingine Todd Gurley, kama wakimbiaji waliolipwa hela nyingi kisha wakaporomoka. Najibu hapahapa.

Gurley hakuwa mchezaji huru. Rams walimwongezea mkataba 2018 kabla wa kwanza haujaisha, milioni 45 za uhakika, na Machi 2020 wakamtema. Ni kosa lilelile la Zeke. Bell ni hoja ya kweli, sikatai: alikaa nje msimu mzima wa 2018, Jets wakampa miaka minne kwa milioni 52.5, akaishia yadi 789 mwaka wa kwanza na Oktoba 2020 wakaachana. Lakini ukuta wa Jets wa mwaka ule ulikuwa hauzibi chochote. Walinunua mkimbiaji kabla ya kununua njia ya kukimbilia.

Murray ndiye mfano ninaoupenda zaidi, na unatuhusu sisi. Mwaka 2014 Dallas ilimpa mpira mara 392, akakimbia yadi 1,845, akaongoza ligi. Alipokuwa huru Eagles wa Philadelphia wakampa miaka mitano, akashuka hadi yadi 702. Cowboys walikataa kumlipa bei ile na walikuwa sahihi kabisa. Nafasi yake tulimchukua Darren McFadden, mchezaji huru, anakaribia miaka 28, watu wote wanasema mwili umekwisha kwa majeraha aliyoyapata timu yake ya awali, Oakland. Kwa hela kidogo akatupa yadi 1,089 mwaka 2015. Timu ilimaliza 4–12 (ushindi minne, vipigo 12) kwa sababu kwotabeki wetu Tony Romo aliumia, siyo kwa sababu ya McFadden. Kwa hiyo msiniambie klabu hii haijui namna ya kununua mkongwe. Inajua. Iliwahi kufanya.

Hata 2025 walifanya. Javonte Williams alitoka Denver akiwa amechoka machoni pa watu, goti lake lilichanika 2022, na 2024 alikimbia yadi 513 tu. Bado kijana, lakini sokoni alihesabiwa kama mzee. Akaja kwa mwaka mmoja, kama dola milioni 3, akapita yadi 1,000. Hiyo ndiyo bei, na huo ndio muda wa kumchukua mkimbiaji: mkataba mfupi, wakati soko limemwogopa, ukuta ukiwepo. Linalotafuna timu ni ule mkataba wa pili wa kushukuru. Barkley mwenyewe ni ushahidi wa pande zote mbili: Eagles walimpata Machi 2024 kwa milioni 37.75 miaka mitatu, na ilikuwa bei ya kuokota. Mwaka uliofuata wakamwongezea kwa milioni 20.6 kwa mwaka, na 2025 akashuka mno. Lakini kombe walishalibeba, na hakuna shabiki wa Philadelphia anayelirudisha.

Na huyo Barkley alifikia yadi 2,005 za msimu dhidi ya nani? Dhidi yetu, Desemba 29, 2024. Yadi 167 siku hiyo, tumefungwa 41–7. Februari 9 iliyofuata, siku anatimiza miaka 28, akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, kwa 40–22 mbele ya Chiefs. Ndani ya msimu mmoja wakongwe watatu waliokuwa huru Machi ileile, Henry, Barkley na Aaron Jones, walikimbia jumla ya yadi zaidi ya 5,000. Tungeweza kumpata angalau mmoja. Tulimchukua Zeke.

Wa Giants, timu ya zamani ya Barkley, mliomo humu, nataka kuwasikia. Mmiliki wenu John Mara alionekana kwenye televisheni akimwambia meneja wake kwamba atapata shida kulala kama Barkley ataenda Philadelphia, na bado wakamwachia aende bila kumwekea ofa mezani. Ninyi mliambiwa nini? Kwamba hela hakuna, au kwamba amezeeka?