Naomba ushauri: kufundisha mfumo wa kipande bila kumdhalilisha mwanafunzi

Wadau, naombeni ushauri. Somo ni kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha lazima katika Kenya ya mkoloni, kidato cha pili, dakika 40.

Sheria ilipitishwa 1915. Mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara na tarehe za kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Uchungu wenyewe ulikuwa kwenye sahihi: mzungu asipotia sahihi ya kumwachia, mfanyakazi haajiriwi kwingine, na akiondoka huyo ni mtoro, anasakwa na kukamatwa. Ndipo mishahara ikabaki chini. Nani angehama kufuata malipo bora?

Wapo wanaowavisha wanafunzi vikebe. Darasa linacheka, na aliyevishwa anabaki na jina la utani. Nafikiria kugawa fomu tu, nusu yake bila sahihi, kisha niulize nani anaweza kutafuta kazi mpya. Halafu waingie Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande akakamatwa, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyeongoza umati kudai aachiliwe, wasije wakadhani watu walinyamaza.

Je, kikebe kikae mezani au kiachwe kabisa? Na mauaji ya Nairobi ya tarehe 16 Machi 1922, umati huo ulipopigwa risasi, yanastahili kipindi chake?