Miezi sita imetimia ila kijiko hataki hata kukiona

mama_wa_kwanza:
Habarini wapendwa. Mwanangu katimiza miezi sita wiki iliyopita, toka azaliwe ni ziwa tu, hata maji sijampa. Juzi ndo nikaanza kumlikiza, nikamkorogea uji mlaini nikauchuja kabisa, simu nimeshaiweka irekodi, ile kugusa mdomo tu akausukuma wote kwa ulimi ukateremka kidevuni mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Leo siku ya nne, kikimkaribia anageuza shingo kama kaitwa na mtu. Asubuhi nikajaribu kumnyima ziwa ili njaa imuume, kalia mpaka na mimi nikalia. Bibi yake anasema maziwa yangu saivi ni maji matupu hayamsaidii. Sasa naanza ziwa au chakula? Uji uwe mwepesi kiasi gani? Na huo ulimi maana yake hajawa tayari au ni kukataa tu? Msinicheke jamani.

mamaWatatu:
Pole mdogo wangu, hakuna wa kukucheka, wote tumefutwa uji usoni. Ziwa usimnyime. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kitu kigeni, anataka kile anachokijua. Mi nilikuwa nanyonyesha kwanza, baada ya nusu saa hivi akiwa mchangamfu ndo namkalisha na chakula.
Halafu hilo la maziwa kuwa maji sio kweli, Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasema mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Kinachobadilika ni kwamba akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha kwenye miezi sita hiyo, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Ndo maana chakula kinaingia, kuongezea tu.
Ulimi nao ni kinga aliyozaliwa nayo, chochote kigeni kinasukumwa nje asipaliwe, kwa wengi inapungua kati ya miezi 4 na 6, wengine wanachelewa kidogo. We angalia, akishikiliwa anakaa? Shingo imekaza? Anaokota vitu anapeleka mdomoni? Kama ndiyo, mpe vijiko viwili vitatu kila siku bila kulazimisha. Kama alizaliwa njiti ongea na kliniki kwanza.

baba_msosi:
Niongezee kwenye uji maana sisi tulikosea hapohapo. Wa kwanza wetu tulimpa uji mwepeeesi, anakunywa bakuli zima tunapiga makofi, kufika miezi nane uzito umegoma kupanda. Nesi akatuambia tuje na huo uji, akachota kijiko akakiinamisha, ukamwagika wote kama chai. Akatuuliza, hiki ni chakula au kinywaji? Tumbo la mtoto ni dogo, ukilijaza maji nafasi ya lishe imeisha na ziwa anakataa. Uji wake uwe ule ukiinamisha kijiko haukimbii. Na usiwe uji peke yake, weka maini au nyama ya kusaga, maharage yaliyopondwa, yai, mafuta kidogo. Anza na vijiko hivyo viwili vitatu mara mbili kwa siku, taratibu unapanda mpaka akifika miezi minane anakula nusu kikombe (kile cha mililita 250) mara mbili au tatu, na ziwa kama kawaida.

ua_la_asubuhi:
@baba_msosi yai kwa mtoto wa miezi sita?? Sisi tuliambiwa mpaka afikishe mwaka, aleji hizo.

baba_msosi:
Ndo ushauri wa zamani dada, umebadilika. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Uingereza unaitwa LEAP, ulichukua watoto walio kwenye hatari kubwa ya aleji, walioanzishiwa karanga mapema wakafika miaka 5 aleji ya karanga imepungua kwa karibu asilimia 80 kuliko waliokatazwa. Ila karanga nzima HAPANA, inampalia, ni ile ya kusaga iliyolainishwa. Yai liive kabisa. Kimoja kimoja, kidogo, mchana ukiwa macho. Kama ana ukurutu mkali ngozini daktari kwanza. Kinachosubiri mwaka kweli ni asali, ina vijidudu vinavyoweza kumletea sumu ya kupoozesha misuli. Chumvi na sukari pia achana navyo.

mamaWatatu:
Na mama usiogope akikohoa na kutaka kutapika uso ukawa mwekundu, hapo anajipigania mwenyewe, mwache usimtie kidole. Wa kuogopa ni anayenyamaza, hatoi sauti, midomo inabadilika rangi. Huyo unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa chini, makofi matano ya nguvu katikati ya mgongo, huku mtu anaita msaada. Kajifunzeni hii kabla hamjaihitaji, wewe na bibi yake.

mama_wa_kwanza:
Nimerudi. Kijiko changu nimekiinamisha, aibu, kilikuwa chai kabisa 😂 Leo kanyonya kwanza, nikaponda kiazi na maini kidogo nikalainisha kwa maziwa yangu mwenyewe. Nikampa na yeye kijiko chake ashike. Cha kwanza katema, cha pili katema, cha tatu kakunja uso kama kalamba limao afu kikashuka! Jumla kameza kama vitatu hivi, vingine viko kwenye nywele. Choo nacho kimebadilika, kizito na kinanuka, ni sawa?

mamaWatatu:
Sawa kabisa, kikiwa na damu au kigumu kama vigololi ndo umpeleke. Na kitu akikataa leo mrudishie keshokutwa, wangu mboga za majani alizikataa kama mara kumi ndo akazikubali.

mama_wa_kwanza:
Asanteni sana. Ngoja nikamwogeshe, kijiko chenyewe hataki kukiachia, nikivuta analia.